Kitambaa Cheupe cha Bi Zerê

Bi Zerê hakulipenda jina la Wakurdi. Kwetu, kwenye milima ya kusini mwa mji wa Van, mashariki mwa Uturuki, tulijiita Wakurmanji, basi. "Mkurdi" lilikuwa neno la watu wa mjini, wakiwaitia wafuga kondoo wa mahemani huku wameziba pua. Aliyelileta nyumbani kwa kujivuna ni mwanawe wa pekee, Hesso, aliyesoma mjini.

"Mama, sisi ni Wakurdi."

"Tusi hilo umeliokota wapi? Kula jibini lako."

Sifa yake Bi Zerê ilikuwa nyingine. Alipokuwa bi arusi, koo mbili zilipigana kwa marungu kugombea malisho. Alivua kitambaa chake cheupe cha kichwani akakitupa katikati yao. Kwetu, kitambaa cha mwanamke kikianguka hakuna mwanamume wa kukivuka. Marungu yakashuka. Tangu siku hiyo kila ugomvi aliitwa yeye, naye alijisikia kwelikweli.

Mwaka mmoja baada ya jeshi kutwaa serikali, wakati wa baridi, askari walitupanga uwanjani. Ofisa alisema hakuna Wakurdi duniani. Sisi ni Waturuki tuliopotelea milimani, na jina hilo ni mlio tu wa viatu kwenye theluji ngumu, kurt, kurt. Kila mwanamume akiri kuwa ni Mturuki. Wakakiri mmoja mmoja, baba yangu akiwemo. Zamu ikamfikia Hesso.

"Mimi ni Mkurdi," akasema.

"Sema Mturuki, mwanangu," Bi Zerê akamwambia. "Sema hata Mchina, twende nyumbani."

Hesso hakulibadili neno lake. Walipoanza kumburuta, mama yake alifanya alichokijua. Akavua kitambaa, akakitupa kwenye theluji mbele ya askari, akasubiri. Aliamini watasimama, nilimwona usoni. Mimi pia niliamini. Walipita juu ya kitambaa bila hata kutazama chini. Hawakujua ni kitu gani.

Hesso hakurudi, wala hatukupewa maiti ya kuzika.

Kiangazi kilichofuata koo zile zile zikashikana tena malishoni, safari hii kwa visu. Mama yangu akamkimbilia Bi Zerê, akamkuta anakamua kondoo.

"Dada, njoo ukitupe kitambaa. Watoto wanamalizana."

"Hakizuii kitu. Si ulikuwepo?"

"Wale walikuwa wageni. Hawa ni wetu, watasimama."

"Wetu akina nani?"

Akakaza fundo la kitambaa chini ya kidevu, akaendelea kukamua.

Adhuhuri walituletea kaka yangu mkubwa, ameshakufa, wamembeba juu ya ubao wa mlango. Watu huniuliza kama nilimlaumu Bi Zerê, nami husema hapana. Nadanganya. Nilimlaumu mpaka siku aliyokufa, nilipoitwa kumwosha. Ilinibidi nikifungue mwenyewe kile kitambaa. Kilikuwa cheupe, amekifua juzi tu.