Nilimfanya Mke Wangu Asiyaamini Macho Yake

Makosa ni yangu. Nasema mapema, msije mkamtafutia mwingine lawama. Si muuzaji, si mashine, si Nduku. Ni mimi!

Mimi ni karani huku Makadara. Nilisomea kompyuta kidogo, nikajua kupiga barua na kuzichapisha, basi. Lakini wapangaji wa ploti nzima waliniita Profesa, na jina hilo nikalivaa. Hata redio ikiharibika, naletewa mimi!

Mke wangu Nduku alikuwa akichora maua ya leso kwenye karatasi. Jameni, mkono wa yule mwanamke! Maua yake ya rangi za maji ungetaka kuyanusa. Kiwanda kimoja cha nguo kilimpenda, kikamwambia siku hizi wanataka michoro ya kompyuta. Ajifunze, kisha awaletee michoro ndani ya mashine waione. Akajifunza. Akauza cherehani yake, tukaenda mjini kununua laptop.

Muuzaji akatuwekea mbili mezani. "Zinafanana, ila hii ina memori ya picha ya megabaiti moja, hii ina nne. Mama ataifanyia kazi gani?"

Nduku akanigeukia. "Baba Mueni, tuchukue gani?"

Sikujua! Haki ya Mungu, sikujua memori ya picha ni mdudu gani. Ningeuliza tu, ningeelezwa. Lakini niulize mbele ya mke wangu, mimi Profesa? Nikakohoa. "Moja inatosha. Hiyo nyingine ni ya watu wa sinema."

"Fikiria vizuri, mzee. Ya laptop huwezi kuongeza baadaye."

"Nimesema inatosha!"

Nyumbani, Nduku alipokuza mchoro ukajaa skrini, rangi zilivunjika. Nyekundu ikatoka madoadoa kama mtoto mwenye surua. Akaniuliza, "Ni mashine au ni mimi?"

Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu. Nilishaanza kushuku ile memori. Nikamwambia, "Mashine haina shida. Ni wewe hujui kuchagua rangi. Labda macho yako yamechoka."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini?

Akachora upya. Akapunguza rangi, akapunguza tena, mpaka maua yakawa kama yamemwagiwa jivu. Kiwandani, mama anayechagua michoro alimwambia kwa upole, "Dada, haya si yale uliyotuletea kwa karatasi." Kazi akapewa mwingine.

Laptop tukaiuza kwa hasara. Brashi zake akazigawa kwa watoto wa ploti. Na kibaya zaidi, akaanza kuyashuku macho yake! Sokoni anamwuliza muuza nyanya, "Hizi zimeiva?" Akinunua uzi, anamwonyesha binti yetu Mueni: "Huu ni mwekundu kweli?" Ngai! Nduku wangu!

Miezi baadaye nikaokota disketi yenye mchoro wake wa kwanza, nikaifungua kwa kompyuta ya mkubwa wangu kazini. Mungu wangu, maua yaliwaka! Wenzangu wakajazana nyuma yangu. "Nani huyu fundi?" Mimi nikauliza mbona nyumbani rangi zilivunjika. Mmoja anayezijua mashine akanieleza kwamba memori ya picha ikiwa ndogo, skrini haiwezi kuonyesha rangi zote. Mchoro haukuwa na kosa lolote.

Jioni hiyo nilimweleza Nduku, machozi yakinitoka. Alikuwa akikata sukuma wiki. Hakupandisha sauti.

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukaniacha tu."

Nikamwambia nitakopa, nitamnunulia nyingine kubwa zaidi. Akatikisa kichwa. "Kila nikiangalia rangi nasikia sauti yako ikisema macho yangu yamechoka. Utanunua mashine gani ya kuitoa hiyo?"

Nilienda mwenyewe kiwandani na ile disketi. Wakasema nafasi ilishajaa.

Hatujaachana. Tunakula, tunaenda kanisani. Lakini haniulizi kitu tena, hata saa.

Wenzangu, ukiulizwa usichokijua, sema sijui! Aibu ya dukani huisha ukitoka dukani. Wala usimtwike mtu kosa lako kwa sababu tu anakuamini. Na msiniambie muda utaponya, tafadhali.

Jana Mueni alitoka shule na picha aliyoichora, akamwuliza mamake kama rangi zimekaa sawa. Nduku akaitazama, akamrudishia.

"Muulize mwalimu, mama. Mimi mambo ya rangi siyajui."