Kadi ya Dereva wa Matayos

Miaka ile ya sabini, barua ilifika zahanati yetu ya Malaba ikisema kazi yangu ya uuguzi ilikwisha mwezi uliopita, na nyumba ya serikali niiachie Jumamosi. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mama yangu, amepooza upande mmoja. Nimpeleke wapi? Kwetu Budalang'i mafuriko yalikuwa yamebomoa nyumba.

"Sista, kompyuta ya Nairobi haikosei," daktari wetu aliniambia, hata macho hakuinua. "Jumamosi nitaita watu watoe vitu."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka! Jana yake tu nilikuwa nimezalisha mapacha mbele yake. Nilimwachia jirani mama, nikapanda basi.

Nairobi niligombana na bawabu wa ofisi ya kompyuta mpaka akaniitia kijana aliyeandika ile programu. Alikuwa na adabu. Akatoa kadi zangu, zile za kutobolewa matundu: ya Budalang'i, ya Moding, ya Malaba, vituo nilivyofanyia kazi. Kila moja ilibeba tarehe ya kuanza tu.

"Ya kumaliza, mashine inajitafutia," alinieleza. "Inasoma kadi inayofuata, inarudi nyuma siku moja. Ulipoanza Moding, ndipo Budalang'i ilipoisha."

"Haya. Na Malaba? Kutoka Malaba sijaenda popote!"

Alifunua kadi iliyofuata. Ilikuwa ya dereva aliyeajiriwa Matayos.

"Kwa hivyo dereva akishika usukani Matayos, mimi ndiyo natupwa nje?"

"Mama, sikuiambia iangalie kama kadi ni ya mtu yule yule." Jasho lilikuwa linamtoka. "Kadi ya mwisho ya kila mtu ilipaswa kubaki wazi."

Ya kila mtu! Mezani palikuwa na rundo la barua zikingoja kutumwa. Nilizipekua mwenyewe, nikaikuta ya kumwachisha kazi daktari wetu. Nilimwomba kijana anipe hiyo, na barua mbili za kubatilisha kuachishwa huko, yangu na yake.

Jumamosi nilikuta kitanda uani, mama juu yake, shuka limelowa, mlangoni kufuli mpya. Daktari alikuwa amesimama pale na funguo mkononi. Nikampa barua yake, ile ya kumwachisha kazi.

Aliisoma, akairudia. "Lakini mimi nina watoto sita!"

"Kompyuta haikosei, daktari."

Akakaa chini kwenye vumbi. Mkuki kwa nguruwe! Nilimwacha hapo mpaka nikamaliza kumbadilisha mama shuka, ndipo nikamtolea barua za kubatilisha.

Alifungua kufuli, akashika kitanda upande wa kichwani, mimi miguuni, tukamwingiza mama ndani. Mama akainua ule mkono wake mmoja mzima, akamgusa daktari shavu.

"Asante, mwanangu," alimwambia. "Hao walionitoa nje, Mungu awasamehe."