Miliari Moja na Moja

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka, aibu na kicheko vinanijia pamoja. Nilikuwa mwalimu kijana pale Mushaki, mwaka wangu wa kwanza darasani, na kichwa kimenivimba. Niliandika ubaoni miliari moja na moja, yaani moja, sifuri nane, halafu moja tena: 1 000 000 001. Nikawaambia wanafunzi kwamba namba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilikuwa nimejaribu mbili, tatu na tano, zote zikakataa. Basi nikachoka, nikaapa.

Riziki, msichana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Lushebere muhula ule, akasimama.

"Mwalimu, saba inaingia."

Nilimwamuru akae. Alipobaki amesimama, nikalifuta jina lake kwenye orodha ya watoto wa kwenda Sake kushindana kwa hesabu, na orodha nikaituma mchana uleule. Kweli kabisa, mtu mzima na diploma yangu!

Kesho yake babu yake akaja, mkulima wa maharagwe, buti zimejaa udongo. Hakupandisha sauti.

"Papa Mwalimu, mie sijue namba kubwa. Lakini mbegu ya ku soko, mbele ya kupanda, tunalowesha kidogo mu kitambaa, tuone kama itaota. Ile saba, ulijaribu ao hukujaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Nilishika chaki mbele ya darasa zima nikagawanya. Ikaingia! 142 857 143, hakuna kilichobaki.

"Sasa kumi na moja," Riziki akasema. Ikaingia. Kumi na tatu, ikaingia. Kumi na tisa nayo! Watoto walipanda juu ya madawati, mwanangu, na mimi nikapiga kelele pamoja nao. Ile namba niliyoiita jiwe ilikuwa inafunguka mikononi mwetu.

Tulibaki na 52 579. Hiyo ilikataa, lakini safari hii hatukuapa. Tulijaribu mpaka 229, kwa sababu 230 mara 230 tayari inaipita, kwa hiyo kama ingegawanyika, mmoja wa wagawanyaji wake tungekuwa tumeshakutana naye. Ndipo nikasema haigawanyiki, na nilikuwa na haki ya kusema.

Nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Sake. Karani wa mashindano akanitazama.

"Liste ilisha kufungwa, Mwalimu. Huyu mutoto ulimutoa wewe mwenyewe."

"Nilimutoa juu ya kiburi tu; yeye alikuwa na haki, mie nilikosa. Chukua kalamu, gawanya hii kwa saba."

Aligawanya. Akarudia. Halafu akacheka kwa nguvu, akafungua orodha na kuandika Riziki kwa herufi kubwa. Nilitaka kumkumbatia!

Mwanangu, usiseme haiwezekani kwa sababu umechoka kujaribu. Na aliye mdogo kwako akisimama kukukosoa, kagua kazi yako kwanza, kisha ndipo umjibu. Ukikosa, kubali mbele ya walewale uliokosea mbele yao, na ukimbilie kurekebisha kabla mlango haujafungwa. Inauma kidogo, lakini furaha yake sijaipata penginepo.

Mungu akupe akili ya kuuliza na uso wa kukubali kosa, na wanao wakushinde ungali hai uwashangilie.