Mama mkwe anataka mtoto wangu ale kutoka mdomoni mwake

Admin, nifiche jina, huku mpakani tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, shule niliachia la sita, nina mtoto mmoja wa miezi minane. Tunaishi Dabani, upande wa Uganda, na mama mkwe wangu. Mume wangu huvuka kusukuma mkokoteni Busia ya Kenya, kwa hiyo mchana tunabaki watatu.

Mama anavuta sigara kwa kugeuza, moto unakaa ndani ya mdomo. Wanawake wazee wengi huku huvuta hivyo, sikuona ajabu. Shida ni kwamba anamtafunia mtoto chakula. Karanga, viazi, anatafuna mpaka viwe kama uji, anatoa kwa kidole na kumlisha. Nilikuwa nakubali, nikiangalia pembeni.

Tangu tulipopanda mahindi mdomo wake umeanza kunuka. Si sigara ile, ni nyama iliyolala. Siku moja akicheka nikaona juu ndani, kwenye kaakaa: ngozi nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na katikati kidonda chekundu kinachovuja damu. Wakati huo kidole chake kilikuwa kinapeleka viazi kwa mtoto. Nilimnyang'anya mtoto, nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Majirani walisikia.

"Unanitapikia mimi?" akasema. "Huyo mume unayeringia nilimlisha kwa mdomo huu huu. Mbona yeye hukumtapika?"

Majirani wakacheka.

Nilimbembeleza mpaka tukaenda kwa daktari wa meno. Daktari alisema kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona lazima kiangaliwe, hata kama hakiumi. Cha mama hakiumi. Akataka kukata kinyama kidogo kipimwe kama ni kansa. Alisema ikikutwa mapema inakatwa, wengine wanachomwa kwa mionzi, na watu wanapona. Sigara aache. Nikauliza kuhusu mtoto. Akajibu kansa haiambukizi, ila mtoto asile kitu kilichotoka kwenye mdomo wenye kidonda, una wadudu wengine.

Mama alibaki na neno moja tu, haiambukizi. Akakataa kukatwa, tukarudi. Sasa ametoa sharti lake: "Nitaenda kukatwa siku utakapompa mtoto ale kutoka mdomoni mwangu, hapa uani, na wale waliokusikia ukitapika wakiwepo."

Mume wangu anasema, "Mara moja tu, mama mtoto. Mpe heshima yake aende hospitali."

Ndugu zangu, kikombe chake naosha nimebana pumzi. Mate yake nikiyaona kwenye kidole cha mtoto, mwili wote unasisimka. Na huyu ndiye aliyeniogesha nilipojifungua, akafua vitambaa vyangu vya damu kwa mikono yake, akiniimbia, hakukunja uso hata kidogo. Nampenda. Naamini akienda sasa atapona, amwone mjukuu akianza shule. Lakini kila siku inayopita kile kidonda kinapanuka.

Jana jioni alikaa mlangoni akitafuna karanga, taratibu, hamezi, ananitazama mimi. Mtoto alimwona, akatambaa mpaka miguuni pake, akafungua mdomo. Nikambeba. Mama akageuka akatema kwenye majivu, akawasha sigara.

Ninyi mliolea, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimpe?