Mafuta Niliyoyaita Dawa

Sijui kama nitaiandika vizuri, shule yangu iliishia darasa la nane. Lakini nataka niiandike kabla sijaanza kujitetea.

Msichana wangu ana miaka saba na ana ualbino. Jua la Desemba, ambalo kwangu ni la kuanika nguo, yeye linamchoma. Tunaishi Ruiru, na tukienda kliniki Thika, siku ya bahati anapewa chupa moja ya mafuta ya kuzuia jua. Naichunga sana hiyo chupa. Shule zilipofungwa aliomba kwenda kwa shosho yake, mama ya mume wangu, kule Ngoliba. Huko binamu zake ni wengi, na wakiona mafuta wanajipaka mpaka miguuni. Kwa hivyo nikamwambia mama mkwe mbele ya wote, "Maitu, hii ni dawa ya jua. Isiguswe na mtu mwingine." Nilijiona mjanja.

Jumapili iliyofuata nilienda kumwona. Alikuja mbio akicheka. Shingo ilikuwa nyekundu, pua imebambuka, na mikononi kulikuwa na malengelenge. Nilipomshika aliruka.

"Jana tulichuma kunde na Shosho mpaka saa saba!" akasema, kama mtu aliyeshinda zawadi.

Nikamuuliza shosho yake, "Maitu, hukumpaka?"

"Kumpaka nini?"

"Ile dawa."

Akaingia ndani, akarudi na chupa imefungwa ndani ya leso. Haikuwa imefunguliwa.

"Hakuna mtoto ameigusa. Sasa ndio nilitaka kumpaka, kwa vile ameshaugua. Nikasema ningoje mamake, nisije nikazidisha."

"Inapakwa kabla ya kutoka nje, Maitu."

"Ngai! Mtu akiwa mzima apewe dawa? Wewe humeza vidonge ukiwa huna homa?"

Wifi yangu alikuwa akikata sukuma wiki pale mlangoni. "Na vile ulisema isiguswe! Sisi hiyo chupa tulikuwa tunaipitia mbali kama bomu."

Wao walicheka. Mimi sikuweza.

Nilimchukua msichana mpaka Thika, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali. Muuguzi alisema malengelenge yasipasuliwe na mtoto akae kivulini. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba ngozi kama hiyo ikichomeka mara kwa mara inaweza kuleta kansa. Mume wangu alipoyasikia alisema mtoto hatakanyaga tena Ngoliba. Msichana alilia kuliko alivyolia akisafishwa vidonda.

Maneno makali sikuyasema, kwa sababu nilipoyapima hayakusimama. Shosho alimvalisha kofia. Ni msichana mwenyewe aliivua, alikiri. Shosho alifanya kila kitu nilichosema. Neno "kabla" sikulisema. Na "dawa" nilisema kwa uchoyo, ingawa labda haukuwa uchoyo, maana chupa haipatikani kila mwezi. Mpaka leo sijajua.

Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo. Baada ya siku mbili akasema, "Basi mpeleke, lakini umfundishe mamangu vizuri."

Ngozi ilipopona nikampeleka. Safari hii nilisema ni mafuta. Yanapakwa nusu saa kabla ya kutoka, yanarudiwa kila baada ya saa mbili, nguo za mikono mirefu na kofia hazitolewi, na kunde zichumwe asubuhi mapema au jioni. Maitu alisikiliza, akaniambia, "Leta nipake mwenyewe, wewe uangalie."

Alipaka uso polepole, akapaka shingo na mikono, akafunga chupa. Nilitaka kunyamaza, nisimwaibishe.

"Maitu, masikio."

"Nilikuwa naenda huko," akasema, akaifungua tena.

Sijui kama kweli alikuwa anaenda. Lakini aliyapaka yote mawili, mpaka nyuma, ambako hata mimi husahau. Halafu nikaondoka, nikamwacha.