Shamba la Baba Lilivyoniumbua Uluguru

Haya, nichekeni kwanza mmalize, maana aibu niliyoipata kule milimani mpaka leo nikiikumbuka najifunika shuka usoni.

Tulikuwa wanafunzi watano hapa Morogoro, kikundi cha utafiti, tunabuni mchezo wa kuwavuta vijana wa Uluguru wachimbe matuta ili udongo usiporomoke, na sharti letu lilikuwa moja tu: hubuni kitu kabla hujawasikiliza watakaoucheza. Kiongozi wetu, Rehema, ndiye aliyekuwa roho juu, kwa sababu ule ndio utafiti wake wa kumalizia shahada, ukikataliwa anarudia mwaka. Akanipa madodoso ishirini niyapandishe kijijini. Nikafika stendi ya Msamvu, mvua ikashuka, nikaingia mgahawani kuagiza chipsi mayai, na pale pale mezani nikayajaza yote ishirini mwenyewe (ndiyo, nilipika data, na hata mwandiko nikawa nabadilisha).

Sasa mimi ni mtu wa Rombo. Kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na sikuwahi kufikiri kuna watu wanafanya vingine. Kwa hiyo kwenye madodoso nikaandika hivyo hivyo, na mchezo wetu, uliochorwa kwenye turubai kubwa, ukaanza hivi: tupa dadu, ukipata sita, "Baba amekupa shamba", unaanza kulima.

Siku ya majaribio darasa la kijiji lilijaa vijana na wazazi, na madam, mhadhiri wetu, amekaa nyuma na faili lake. Msichana mmoja, Mwanaidi, akatupa dadu, sita! Akasoma, akarudia kusoma.

"Kaka, baba hili shamba kalitoa wapi?"

Vicheko. Badala ya kunyamaza nikajifanya mjuzi, nikamgeukia mzee wa mbele. "Shikamoo baba. Si utawaachia wanao shamba?"

"Marahaba, mwanangu. Wanangu shamba lao liko kwa wajomba zao, ukoo wa mama. Mimi hapa nimekuja kuoa tu."

Watu wakacheka mpaka benchi moja likaanguka na waliolikalia. Nikazidi kujichimbia kaburi: "Lakini vijana ishirini wa hapa waliniambia!"

Madam akafungua faili lenye madodoso yangu. "Shirima. Tarimo. Massawe," akasoma taratibu, majina matupu ya kwetu niliyoyaandika. "Hawa ni Waluguru wa kitongoji gani?"

Rehema hakuniangalia, machozi yalikuwa yakimlengalenga, na hapo nikaishiwa ujanja wote. Nikasema mbele ya kijiji kizima: "Madam, Rehema hana kosa. Nilijaza mwenyewe, Msamvu, nikiwa nakula chipsi."

Mwanaidi akaokota kalamu ya wino mzito, akafuta "Baba", akaandika "Mjomba". Halafu akaongeza kwenye chumba cha pili: "Mjomba amekataa, rudi ukamwite mama." Darasa likalipuka! Mwingine akadai chumba chake, mama mmoja akapaza sauti, "Wekeni na bibi, bibi ndiye mwenye neno!", na yule mzee akainuka akauliza kama waume wa kuoa tu wanaruhusiwa kucheza. Akatupa dadu, akaangukia "Chimba matuta", akagoma.

"Sichimbi. Nivunje mgongo shambani kwa wakwe, kesho ndoa ikivunjika niyabebe matuta begani?"

Madam akasimama. "Rehema, andika hilo," akasema. "Mwaka mzima tumetafuta kwa nini matuta hayachimbwi, na hilo swali hatukuwahi kuliuliza."

Walicheza mpaka adhana ya alasiri, turubai likajaa mwandiko wao (wa kweli safari hii), na wakaanza kubishana wenyewe mume alipwe nini kwa jasho lake. Mchezo ukapita. Rehema akapita, tena kwa alama za juu, nami siku ya mahafali nikapiga vigelegele kuwashinda mashangazi zake.

Lakini ripoti yake ina sura nzima inayonihusu, jina langu limeandikwa lote, na sharti lake la kunisamehe ni kwamba niisome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya kila kikundi kipya cha mwaka wa kwanza. Naisoma, wanacheka, namaliza nawaapia kwamba data sitapika tena mpaka nazikwa.