Herufi za Mkono Mmoja

Mama Chapa, kama walivyomwita pale mahakamani, alikuwa na vidole vyepesi hata mahakimu walikuwa tayari kusubiri zamu yake awachapie hukumu zao. Kisha kiharusi kikamlaza. Aliinuka na ulimi wake na akili zake timamu, ila mkono wa kulia ukawa unaning'inia tu kama wa kuazima.

Karani mkuu alimwonea huruma. "Dada, mwili haulazimishwi. Nenda masjala, ukapokee majalada."

"Masjala siendi. Nipe muda kidogo."

Mumewe, fundi redio, hakuwa na maneno mengi. Alichomelea vitufe na nyaya mpaka kibodi ya mkono mmoja ikasimama, akamsogezea mezani. "Ya kwangu nimemaliza, mke wangu. Akili utaipa mwenyewe."

Akili hiyo ni programu ndogo inayokaa ndani ya kibodi, na faili lake moja ndilo linaloamua kila kitufe kitoe herufi gani. Mama Chapa hakuwahi kuandika kitu cha namna hiyo. Alisoma maelezo mtandaoni, akakosea, akafuta, akaanza upya. Alitaka hivi: akikishikilia kitufe cha nafasi kwa dole gumba, herufi za upande wa kulia zihamie chini ya vidole vya kushoto, zimegeuka kama kwenye kioo. Q itoe P, W itoe O, na kuendelea.

Alipojaribu, aliandika "hukumu". Skrini ikaonyesha "hikimi".

Mumewe akachungulia. "Hikimi ndiyo nini? Dawa ya chawa?"

Mama Chapa alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakageuka ya kweli. Akayapangusa, akavuta kiti. Alipitia faili herufi kwa herufi hadi akaliona kosa: O aliiandika mara mbili, ikazisukuma I na U kutoka mahali pake, Y ikakosa pa kukaa. Akarekebisha, akaipakia programu upya. Hukumu ikatoka hukumu.

Alirudi kazini na kibodi kwapani. Karani mkuu akaanza kumsomea hukumu mbiombio ili aichape.

"Taratibu, kaka. Sikimbizwi."

Karani akapunguza mwendo. Ukurasa ukatoka safi, hakimu akausaini bila kuinua macho.

Kasi ya zamani haikurudi yote. Jioni alilifungua tena faili. Kidole cha mwisho kilikuwa hoi kwa kubeba A zote za Kiswahili, basi akaihamishia A kwenye kidole cha shahada, na F iliyokuwa hapo ikaenda kukaa pembeni.